Jinsi jembe lilivyokaribia kumfukuzisha mgeni wetu mtafiti, Katelembo

Salamu wakuu.

Kuna mwenzetu aliuliza hapa juzi kama mtafiti wa kutoka nje anaweza kuingia Kenya kama mgeni wa kawaida, halafu aombe kibali cha utafiti akiwa tayari yuko ndani. Nimesoma majibu yenu. Wengi mmesema, "Akuje tu, mambo itajipanga."

Hiyo "itajipanga" ndiyo imenifanya nifungue uzi huu.

Niliyoyaona kwa macho nitayasema kama niliyaona. Niliyoambiwa nitasema niliambiwa. Majina nimebadilisha, mengine yote yabaki yalivyo.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili, wakati kila ombi lilikuwa la karatasi na kila jibu lilikuwa "rudi wiki ijayo". Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, naandikia gazeti moja vihabari vya Machakos ambavyo vingi havikuchapishwa. Rafiki akaniunganisha na mtafiti aliyehitaji mkalimani wa Kikamba. Nitamwita Rosa.

Nilienda kumpokea nikitafuta mzungu. Akatokea mwanamke mfupi, rangi ya udongo, nywele amezisuka mikia miwili. Alizaliwa milimani huko Peru na alikuwa akisomea shahada ya udaktari katika chuo kimoja cha Ulaya. Alikuja kuchunguza mitaro yetu ya kuzuia mmomonyoko, ile tunaita fanya juu: unachimba kukata mteremko, udongo unautupa upande wa juu. Kwao nako walilima kwenye ngazi za mlima tangu mababu. Alitaka kujua sisi huwa tunakubaliana vipi nani achimbe, na kwa nini.

Kumbukeni hilo la Peru. Huyu hakuwa mtu wa kupiga simu moja Nairobi na gari la bendera la ubalozi linakuja. Ufadhili wake ulikuwa wa msimu mmoja tu wa mvua. Akifukuzwa, hakuna wa kumlipia tena, na miaka yake yote ya masomo inaishia uwanja wa ndege.

Sasa karatasi. Aliingia na pasi ya mgeni. Barua ya chuo cha hapa kilichokubali kumlea alikuwa nayo. Ombi la kibali cha utafiti lilishapelekwa Nairobi, na tuliambiwa tusubiri.

Wengi huteleza hapo kwenye kusubiri. Wanaanza kuuliza watu maswali kimyakimya, wanasema ni mazungumzo tu. Rosa hakuteleza hapo. Questionnaire zake zote zilikuwa ndani ya katoni, imefungwa, chini ya kitanda. Mtu akianza kumweleza habari za mtaro wake, Rosa anaziba masikio huku anacheka: "Bado! Bado!" Alisema hadi kibali kitoke, atajifunza lugha na kuzoea watu.

Alikaa kwa mjane mmoja hapo Katelembo, karibu na mji wa Machakos, jina lake Kalondu. Sote tulimwita Mwaitu, yaani mama yetu. Mtoto wake wa kiume alikuwa kiwandani Athi River, kwa hivyo nyumbani alikuwa peke yake na shamba la mteremko, mahindi na mbaazi, na goti moja ambalo lilimsumbua kila baridi.

Kwa wasiojua Ukambani, lazima niwaeleze mwethya, maana kesi yote iko hapo.

Mwethya ni kikundi cha majirani wanaolimiana. Leo tunachimba kwako, siku nyingine tunachimba kwangu. Hakuna pesa. Mwenye shamba anapika isyo, yale mahindi na maharagwe, watu wanakula kwa sinia moja, wanaenda. Lakini msidhani ni bure. Kazi uliyofanyiwa unairudisha kwa jembe lako mwenyewe, na mtu asiyerudisha husemwa mpaka kwenye matanga yake.

Siku ya kwanza Rosa alifuatana na Mwaitu kutazama tu. Kina mama wakampa kigoda. Akakaa kidogo, akainuka, akachukua jembe lililokuwa limelazwa, akaingia kwenye mstari. Alichimba kama mtu aliyekulia kazini. Mama Ndunge, mwenyekiti wa kikundi, mwanamke wa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde, alisimama akashika kiuno.

"Hee! Huyu Losa ni wa wapi kweli? Mnanificha. Huyu ni Mkamba wa Ndithini!"

Tangu siku hiyo hakupewa kigoda tena. Akaenda kwa huyu, akaenda kwa yule. Na zamu yake ilipofika, kwa kuwa hakuwa na shamba, kikundi kikaamua kazi aliyowafanyia irudishwe kwenye mteremko wa Mwaitu. Wakaja wote, wakachimba mtaro mrefu, mzuri, chini ya mbaazi. Rosa alipika isyo mwenyewe, ikaungua, wakaila wakimcheka.

Nilipiga picha siku hiyo. Nilidhani nina habari nzuri ya gazeti. Nashukuru Mungu mhariri hakuitaka.

Pasi yake ilipokaribia kuisha na kibali bado, tulipeleka ombi la extension, aongezewe muda. Kwenye fomu akaandika anakoishi: Katelembo, kwa Kalondu. Ukweli mtupu.

Jumanne moja mchana gari la serikali likasimama kwenye kona. Akashuka ofisa wa uhamiaji, kijana nadhifu, pamoja na askari mmoja. Rosa alikuwa mtoni kufua. Nyumbani alikuwapo Mwaitu, Mama Ndunge na wenzao watatu hivi wakipukuchua mahindi, na mimi.

Ofisa alikuwa mtu wa pwani, Kiswahili chake laini kama mandazi ya moto. Kina mama walimpenda papo hapo.

"Mama zangu, hamjambo?"

"Hatujambo, mwanangu. Kaa."

"Nimekaa. Namuulizia mgeni wenu. Huwa anafanya nini hapa?"

Wakuu, mtu akiulizwa juu ya mgeni wa nyumba, anamsifu. Na kwetu hatusifu mtu kwa elimu wala sura. Tunamsifu kwa mkono wake.

Mama Ndunge akatupa gunzi chini. "Losa? Huyo si mgeni wa kukaa! Huyo anafanya kazi kutushinda."

"Kazi gani, mama?"

"Ya jembe! Uliza Katelembo yote. Amechimba kwangu, amechimba kwa huyu, amechimba mpaka kwa mzee wa kanisa pale chini."

Nikakohoa. Nikamkazia macho. Akaniambia, "Musyoka, kunywa maji," akaendelea.

Ofisa alikuwa ameshatoa kalamu. "Na kwa kazi hiyo, mnampa chochote?"

Nilimwona Mwaitu akibadilika uso. Kwake swali hilo lilikuwa tusi. Mtu anakaa kwenye ua wake anauliza kama nyumba hii inakula jasho la mgeni.

"Bwana," akasema, akinyoosha goti asimame, "sisi si watu ya kutumia mtu bure. Tulimlipa. Yote! Unaona ule mtaro chini ya mbaazi? Hiyo ndiyo malipo yake. Hapa hakuna mtu iko na deni ya huyu msichana."

"Kweli kabisa!" wenzake wakaitikia. Mmoja akapiga makofi.

Ofisa akaandika. Akafunga daftari polepole. "Ahsanteni, mama zangu. Mmenisaidia sana."

Wakafurahi. Wakampa mahindi ya kuchoma aende nayo.

Rosa alirudi na karai la nguo kichwani, akakuta anasubiriwa. Ofisa alimweleza kwa Kiingereza, kwa adabu, bila kupandisha sauti, na hiyo adabu ndiyo iliniogopesha zaidi. Mwenye pasi ya mgeni haruhusiwi kufanya kazi, iwe ya malipo au bila malipo, na hapa mashahidi watano wamesema ni ya malipo. Akachukua pasipoti yake, akampa stakabadhi. Afike ofisini mjini Machakos Ijumaa asubuhi, yeye na mwenyeji wake.

"Ikithibitika," akaniambia mimi kando, "si suala la extension tena. Ni kuondoka. Na jina lake litabaki kwenye vitabu."

Gari lilipoondoka, nikawaeleza kina mama kwa Kikamba. Sijawahi kuona furaha ikifa hivyo. Mama Ndunge alikaa chini kwenye maganda.

"Kwa hivyo tumemfunga na midomo yetu?"

Alasiri ile ile fitina ikaanza. Nani aliripoti? Mmoja akamtaja jirani fulani, mwingine akataja mwanamke aliyekosa zamu. Mwethya wa miaka mingi ukaanza kutazamana. Nilifanya kazi yangu ya uandishi, nikauliza huku na huku, na nilichopata ni kwamba hakuna aliyeripoti. Ofisa alifuata anwani ya kwenye fomu ya extension, basi. Nikawarudishia jibu hilo mbio kabla hawajavunjana.

Mwaitu hakuwa akisikiliza. Alikuwa ameketi akisugua goti.

"Musyoka. Shida ni kazi ama ni malipo?"

"Yote mawili, Mwaitu. Lakini malipo ndiyo yanaharibu zaidi."

"Kama hangekuwa amelipwa, ingekuwa afadhali?"

"Pengine. Kidogo."

"Basi haya malipo yarudi."

"Yarudi vipi? Utaufukia mtaro?"

Akaniangalia kama mtoto mjinga. "Wale watu walichimba kwangu kwa jina ya Losa. Mimi nitachimba kwao kwa jina yangu. Halafu mtaro ni wangu, nimeulipia. Losa atakuwa hakupata kitu."

Nilimwambia sheria haifanyi hesabu namna hiyo. Nilimwambia mara nyingi. Alfajiri ya Jumatano nikamkuta tayari yuko kwa Mama Ndunge na jembe.

Hizo siku mbili sizisahau. Mwaitu anachimba shamba moja, anahamia lingine, goti limefungwa leso. Mwenye shamba anapika isyo kama desturi inavyotaka, halafu anasimama kando akiumia. Jumatano mchana Mama Ndunge alishindwa kuvumilia, akashika jembe aingie kumsaidia. Mwaitu akamgeukia:

"Toka! Ukinisaidia hiyo ni deni ingine! Unataka nichimbe mpaka Krismasi?"

Watu walicheka. Kilikuwa kicheko kifupi.

Rosa alikuwa akifuata nyuma, mikono ameikunja kifuani. Alipojaribu kuinama achukue hata jiwe, walimpigia kelele wote pamoja: "Weka chini! Unataka kufungwa?" Akarudi kukaa kwenye nyasi. Alikuwa haendi chooni bila kutazama barabara. Chakula alikuwa anageuza tu kwenye sahani. Kila gari lililopunguza mwendo kwenye kona lilimwinua, na mimi pamoja naye. Mara moja aliniuliza kama akifukuzwa atapewa nafasi ya kuaga. Nikasema bila shaka. Sikuwa na uhakika hata kidogo.

Alhamisi jioni Mwaitu alimaliza kwa mzee wa kanisa, akajifuta, akasema, "Imeisha." Mimi nilichimba vilevile kidogo, lakini akasema yangu haihesabiki kwa sababu nachimba kama karani.

Ijumaa walivaa nguo za kanisani. Ofisini tuliketi kwenye benchi refu: Rosa, Mwaitu, Mama Ndunge na mimi. Mama Ndunge nilimwapisha asifungue mdomo. Akaweka kitambaa mdomoni ili asisahau.

Aliyetuita hakuwa yule kijana. Alikuwa mkubwa wake, mama wa makamo, miwani kwenye kamba. Pasipoti ya Rosa ilikuwa mbele yake na maelezo ya Jumanne yameandikwa vizuri. Akayasoma kwa sauti, na kwa sauti yake kila sifa ilikuwa mashtaka.

"Mama, haya ni maneno yenu?"

"Ni yetu," Mwaitu akasema.

"Alifanya kazi?"

"Alichimba."

"Akalipwa?"

Nilikuwa nimemfundisha njia nzima. Sema ni kusaidiana. Sema ni ujirani. Usitaje malipo.

"Alilipwa," Mwaitu akasema. Nikafumba macho. "Lakini tumerudisha. Sasa hana kitu."

Feni ilikuwa inazunguka huko juu.

"Mmerudisha nini?"

"Kazi. Kila mtu alichimba kwangu kwa ajili yake, nimechimba kwake. Jana nimemaliza. Kama ilikuwa makosa, hiyo makosa haiko tena. Nenda uangalie."

Yule mama alivua miwani. Akamtazama Mama Ndunge, ambaye aliitikia kwa kichwa, kwa nguvu, kitambaa bado mdomoni.

"Nani aliwaambia mfanye hivyo?"

"Hakuna. Serikali ilisema haitaki alipwe, tukatoa malipo."

Akamgeukia Rosa, akamuuliza kwa Kiswahili kama alijua pasi yake haimruhusu. Rosa akajibu kwa Kiswahili cha kuvunjika lakini cha kueleweka: "Sikujua. Kwetu, kijijini, ni hivi pia. Mtu hakai akiangalia wengine wanalima."

Kisha wakaombwa kuweka sahihi kwenye maelezo mapya. Karani akampa Mwaitu kalamu. Vidole havikukubali kujikunja. Viganja vilikuwa vimetoka malengelenge yakapasuka. Kalamu ikaanguka mara ya kwanza, ikaanguka mara ya pili. Karani akaleta wino wa kidole gumba.

Mkubwa akachukua pasipoti, akaingia chumba cha ndani, akafunga mlango.

Tulikaa. Benchi lilikuwa na msumari uliochomoza na hakuna aliyesogea. Tulisikia simu ikizungushwa, sauti yake ikipanda na kushuka, tusielewe. Rosa alinishika mkono wa shati, akaukunja mpaka kifungo kikatoka. Nilianza kupanga kichwani: nani ataipeleka ile katoni Nairobi, nani atamwambia msimamizi wake.

Mlango ukafunguliwa. Akatupa pasipoti mezani.

Alikuwa amempa extension fupi, na onyo kwenye faili. Akamwambia Rosa kwamba mpaka kibali kitoke, asiulize mtu swali la utafiti. "Na kikitoka, ni kibali cha kuuliza. Si cha kulima. Nikisikia umeshika jembe, mimi mwenyewe nitakupeleka uwanja wa ndege."

Kama ni kule kuchimba kwa Mwaitu kulikomwokoa, siwezi kuapa. Huenda yule mama alikwisha kuona kwamba hakuna aliyeajiriwa hapo. Niliyoyaona ndiyo hayo.

Mlangoni Mama Ndunge akatoa kitambaa. "Sasa naweza kusema?"

"Hapana!" tukajibu wote watatu.

Kibali kilitoka mvua zikikaribia. Tukajitambulisha kwa wakubwa wa wilaya, Rosa akajiandikisha kama mgeni mkaazi, kila kitu sawa. Tukafungua ile katoni. Siku hiyohiyo kulikuwa na mwethya, akaenda nao kwa furaha.

Mama Ndunge alikuwa amemwandalia kigoda, chini ya kivuli. Na chai ndani ya kikombe cha kisosi, kile cha padri. Rosa akasema asante, akatazama mstari wa majembe, akainuka nusu.

"Kaa hapo! Iko na karatasi ya jembe?"

Akakaa. Wakati wa kula wengine walizunguka sinia, yeye akaletewa sahani yake peke yake, imefunikwa. Alipata kibali, na siku hiyohiyo akarudi kuwa mgeni. Sikumwona akilia siku zile za hofu. Siku hiyo ndiyo nilimwona.

Mtu wa kwanza kumhoji alikuwa Mwaitu, tukiwa tumesimama chini ya mbaazi. Swali likafika: mtaro huu ulichimbwa na nani?

Mwaitu alitazama barabara kwanza. Akatazama kona.

"Andika ni mimi."

Rosa akaandika. Kisha Mwaitu akamshika kiwiko, akamwambia kwa Kikamba, taratibu, ili asihitaji mimi nitafsiri: "Lakini wewe unajua."

Kwa hivyo, ndugu uliyeuliza: mgeni wako aombe kibali kabla ya kupanda ndege, hata kama kinachelewa. Asidhani kufunga maswali kwenye katoni kunatosha. Aulize pasi yake inakataza nini, na kazi isiyo ya mshahara aiulizie pia. Sheria zimebadilika tangu wakati ule, kwa hivyo aulize ofisi zenyewe, asituulize sisi wa mtandaoni. Na nyinyi mnaopokea wageni, waelezeni majirani mapema, kwa mifano wanayoijua. Sisi tulimweleza kila mtu isipokuwa wale waliompenda.

Mtaro bado upo. Nilipita hapo mwaka jana baada ya mvua, maji yalikuwa yamesimama ndani yake kama yalivyotakiwa.

Walioishi na watafiti, au waliokuwa wenyewe watafiti kwenye nchi za watu, leteni yenu tusome. Na kama yuko mtu wa uhamiaji humu, tuambie: ingekuwa meza yako, ungepiga muhuri gani?